Rafiki Anayenyamaza: Urafiki wa Wanaume na Manung'uniko ya Mapenzi katika Filamu



Ukipita jioni katika mitaa ya Tandika, Mtoni au Mbagala kwa upande wa Temeke, au Tandale na Mwananyamala kwa upande wa Kinondoni, hutakosa kuona vitu viwili. Cha kwanza ni kijiwe: benchi, birika la kahawa, ubao wa drafti na pikipiki zilizoegeshwa zikisubiri abiria. Cha pili ni kibanda umiza, chumba chenye runinga na mabenchi yaliyobanana, ambamo watu hulipa kiingilio kidogo waangalie mpira au filamu. Wanaokaa sehemu hizi mbili ni karibu watu walewale, nao wengi ni wanaume vijana. Hata mazungumzo ya kijiweni hufanana na hadithi za kwenye runinga: huyu kachoshwa na mchumba, yule anasema mke wake kabadilika tangu wapate mtoto, mwingine amekaa na mwenzake miaka mingi bila ndoa na hajui kama anamtaka au hamtaki.

Makala hii ina swali moja tu. Mwanaume asiye na furaha katika mapenzi anapompelekea rafiki yake manung'uniko hayo, rafiki afanye nini? Tutalitafuta jibu kwanza katika filamu, kisha katika falsafa, na mwisho katika Maandiko Matakatifu.

1. Kwa nini tuanze na filamu?

Wapo wanaodhani filamu si jambo la seminarini. Kanisa halijafikiri hivyo. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati iitwayo Inter Mirifica, inayohusu vyombo vya upashanaji habari, na sinema imetajwa humo. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 zenye thamani ya pekee kwa imani, maadili na sanaa. Hoja ni kwamba filamu huonyesha jinsi watu wanavyoishi hasa, na anayejiandaa kuwahudumia watu hana budi kujua wanayoyatazama na kuyacheka.

2. Rafiki katika filamu zetu

Tasnia tunayoiita Bongo Movie ilikulia Dar es Salaam. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, inakumbukwa kama mojawapo ya zile zilizoifungulia njia. Baadaye wakaja vijana wawili waliotoka katika kundi la Kaole, lililokuwa maarufu kwa michezo yake ya ITV: Steven Kanumba na Vincent Kigosi, yaani Ray. Waliigiza pamoja mara nyingi, mathalani katika Oprah ya mwaka 2008 wakiwa na Irene Uwoya. Filamu hizo zilitoka kwa sehemu ya kwanza na ya pili, zikauzwa Kariakoo na kusambaa hadi vibanda vya pembezoni mwa jiji na mikoani. Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28, umati mkubwa ulijitokeza kumsindikiza, naye akazikwa katika makaburi ya Kinondoni. Vijana wengi waliomlilia walikuwa hawajawahi kumwona ana kwa ana. Walimlilia kwa sababu aliigiza maisha waliyoyajua.

Ukitazama kwa makini filamu za mapenzi za wakati ule, pamoja na tamthilia zinazorushwa leo katika Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo, utaona kwamba rafiki wa mhusika mkuu huingia kwa mlango mmoja kati ya mitatu. Wa kwanza ni rafiki anayemnyang'anya mwenzake mke au mchumba. Huyu tunamchukia waziwazi, na kibanda kizima humpigia kelele. Wa pili ni rafiki mshauri: mwenzake akilalamika kuhusu nyumbani, yeye humpa namba ya simu ya msichana mwingine. Huyu tunamcheka. Wa tatu ni rafiki anayejua kila kitu na kunyamaza.

Huyo wa tatu hatumwangalii sana kwa sababu hafanyi kitu. Anapita tu nyuma ya hadithi, anaendesha gari, anafungua mlango, anajibu simu na kusema, "Yupo kwenye kikao, shemeji." Hata hivyo naona ndiye anayefanana zaidi na sisi. Wachache wetu tutamnyang'anya rafiki mke wake. Karibu wote tumewahi kujua jambo na kukaa kimya.

Tamthilia ya Siri ya Mtungi, iliyoanza kurushwa mwishoni mwa mwaka 2012, ilitusogeza karibu na jambo hili. Cheche ni mpiga picha kijana wa Bagamoyo, mume wa Cheusi, anayehangaika kati ya kazi, familia na vishawishi, na kando yake yupo rafiki yake, Duma. Mtazamaji wa tamthilia kama hiyo hujifunza kwamba ndoa haina watu wawili peke yao. Marafiki nao wamo ndani, hata kama hawalali humo.

3. Kijiwe cha Italia

Ipo filamu moja ya zamani ambayo ilimchukua huyo rafiki mkimya na kumweka katikati. Inaitwa I vitelloni, ya mwongozaji Federico Fellini wa Italia, yule yule ambaye filamu zake mbili nyingine zimo katika orodha ya Vatikano ya mwaka 1995. Ilitoka mwaka 1953 na kupata tuzo ya Simba wa Fedha katika tamasha la Venice. Jina lake linawataja vijana waliokua miili lakini bado wanakula na kulala kwa wazazi. Ni watano, wanaishi katika mji mdogo wa pwani, na kazi yao kubwa ni kuzurura, kutaniana na kusubiri kesho. Ukibadilisha kahawa ya Italia kwa kahawa na kashata, uko Temeke.

Mmoja wao ni Fausto. Anampa ujauzito Sandra, dada wa rafiki yake Moraldo. Akitaka kutoroka, baba yake anamzuia na kumlazimisha aoe. Anapewa kazi katika duka la sanamu na vifaa vya ibada, lakini humo humo dukani anamtongoza mke wa tajiri wake, na anafukuzwa. Badala ya kutubu anajiona ameonewa. Anamshawishi Moraldo wakaibe sanamu ya malaika kutoka dukani kama malipo yake, kisha wanahangaika kuiuzia nyumba za watawa, ambako wanakataliwa. Fausto anaendelea na wanawake wengine, hadi siku Sandra anapoondoka nyumbani akiwa amembeba mtoto. Hapo ndipo Fausto anaingiwa na hofu. Sandra anapopatikana, baba yake Fausto anavua mkanda na kumchapa mwanawe, mtu mzima mwenye mke.

Sasa mtazame Moraldo. Anampenda dada yake na anampenda rafiki yake. Anajua tabia ya Fausto, anaumia, lakini haongei. Anapoombwa kubeba sanamu, anabeba. Mwishoni anapanda treni alfajiri na kuuhama mji bila kuwaaga wenzake. Wengi husema Moraldo ndiye mwema wa kundi lile, na mimi nakubali kwamba ana moyo mwororo. Lakini wema wake haukumsaidia Sandra hata siku moja, wala haukumsaidia Fausto. Ilibidi mzee wa watu avue mkanda kwa sababu rafiki hakufungua mdomo.

4. Aristotle angewaweka wapi?

Katika vitabu vya nane na tisa vya Maadili kwa Nikomako, Aristotle anagawa urafiki katika aina tatu. Upo urafiki wa faida: tunapendana kwa sababu tunasaidiana. Upo urafiki wa raha: tunapendana kwa sababu tunafurahishana, na huu, anasema, ndio wa vijana zaidi. Upo pia urafiki wa wema: nakupenda kwa ajili yako mwenyewe na kukutakia lililo jema kweli. Aina mbili za kwanza huvunjika haraka, kwani faida na raha zikiisha hakuna kilichobaki. Ya tatu hudumu, lakini ni adimu na huhitaji muda mrefu.

Tusikidharau kijiwe. Kijiwe kina faida na raha za kweli. Dereva wa bodaboda ambaye hajatimiza hesabu ya tajiri wake huongezewa pale pale. Akiumia barabarani, wenzake ndio humfikisha hospitali. Akifiwa, wao huchanga. Huko kuna wema mwingi ambao parokia zetu zinaweza kujifunza. Shida huanza pale urafiki huo wa faida na raha unapopewa mzigo usioweza kuubeba, yaani ndoa ya mtu. Urafiki wa raha hauwezi kusema ukweli unaochoma, maana ukweli huo unaua raha. Kwa hiyo ukipeleka kijiweni manung'uniko juu ya mkeo, utarudishiwa kile tu ambacho kijiwe kinacho: kicheko, majigambo au namba ya simu.

Mtakatifu Augustino alilijua hili kwa maisha yake. Katika kitabu cha pili cha Maungamo anasimulia kwamba akiwa kijana aliona haya kuonekana ana aibu mbele ya wenzake, hata akajisifia mabaya ambayo hakuyatenda asije akadharauliwa. Anasimulia pia wizi wa mapeasi, na anakiri kwamba peke yake asingeiba. Mtu huyo huyo aliishi miaka mingi na mwanamke bila ndoa na kuzaa naye mtoto, Adeodatus. Hali hiyo leo tunaiita uchumba sugu. Augustino anatufundisha kwamba majigambo ya kijiweni hayasemi ukweli juu ya mapenzi. Mara nyingi anayecheka zaidi ndiye aliye mpweke zaidi akirudi nyumbani.

5. Yonadabu na Nathani

Maandiko Matakatifu yanatupa marafiki wawili wa kuwalinganisha, na wote wawili wamo katika sura mbili zinazofuatana: 2 Samweli 12 na 13.

Katika sura ya 13, Amnoni mwana wa Daudi anamtamani Tamari, dada yake kwa baba, hata anakonda. Ana rafiki aitwaye Yonadabu, mtoto wa ndugu yake Daudi, mtu mwerevu sana. Yonadabu ndiye anayegundua kwamba mwenzake anadhoofika siku hadi siku, na ndiye anayemuuliza kulikoni. Tukiishia hapo tungemsifu: kumbe ni rafiki anayejali! Lakini akishasikia, anampa mbinu ya kujifanya mgonjwa ili Tamari aletwe chumbani. Amnoni anambaka Tamari, na papo hapo anamchukia kuliko alivyompenda. Baada ya miaka miwili Absalomu anamwua Amnoni. Habari zinapomfikia Daudi kwamba wanawe wote wameuawa, ni Yonadabu anayesimama na kusema kwa utulivu kwamba aliyekufa ni Amnoni peke yake, na kwamba Absalomu alikusudia hivyo tangu siku ile. Tamari anakaa katika ukiwa, Amnoni yuko kaburini, na Yonadabu yuko salama kando ya mfalme. Mshauri mbaya huwa halipi gharama ya ushauri wake.

Katika sura ya 12 yupo Nathani. Daudi amemchukua Bathsheba na kupanga kifo cha Uria mumewe. Watu wa nyumba ya mfalme walijua mengi, maana walitumwa kumleta mwanamke. Wote walinyamaza. Nathani anaingia na hadithi ya maskini aliyenyang'anywa mwanakondoo wake wa pekee, na Daudi anapowaka hasira, nabii anamwonyesha kwamba mtu huyo ni yeye. Angalia jinsi alivyofanya. Hakumtangaza Daudi sokoni. Alimwendea yeye mwenyewe, akatafuta maneno yatakayofika moyoni, kisha akasema jambo lenyewe bila kulizungusha.

Kati ya Yonadabu na Nathani ndipo anapokaa Moraldo, na ndipo tunapokaa wengi wetu: hatushauri mabaya, lakini hatusemi mema.

6. Mapingamizi mawili

Pingamizi la kwanza: rafiki anapaswa kutunza siri. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Sisi ni nani hata tuingilie mambo ya watu wawili?

Jibu: ni kweli, siri hutunzwa. Lakini tutofautishe. Ipo siri inayolinda heshima ya mtu, kama vile umaskini wake, ugonjwa wake au machozi yake. Hiyo tuifiche hata kwa gharama. Ipo pia siri inayolinda dhuluma, na anayeitunza anakuwa mshirika. Methali ile ya wahenga inatukataza kuhukumu tusichokijua. Haitukatazi kusema tunachokijua, tena na rafiki mwenyewe. Bwana wetu katika Mathayo 18:15 anatupa hatua ya kwanza: nenda kwake, ninyi wawili peke yenu. Rafiki mwema hakimbilii kumwambia shemeji, wala hapeleki habari kwenye kundi la simu. Anamwita mwenzake pembeni na kumwambia, "Ndugu yangu, simu ya shemeji sitaijibu tena kwa uongo. Rudi nyumbani mkazungumze." Na pale ambapo kuna kipigo au ukatili, mambo hayaishi kwa mazungumzo ya marafiki. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na anayejua hana haki ya kunyamaza.

Pingamizi la pili: manung'uniko mengine ni ya kweli. Mwanaume anahangaika kutwa nzima, kodi ya chumba inamsubiri, akirudi anakuta lawama. Je, hana haki ya kuchoka?

Jibu: anayo. Kutoridhika si dhambi. Ni kama homa, inayotuambia kwamba kuna jambo ndani ya mwili. Mwenye homa akipewa pombe atasahau kwa saa mbili, lakini ugonjwa utabaki. Tena tukumbuke kwamba mwanamke anayelaumu naye ana kutwa yake: maji, mtoto, genge, mikopo ya vikundi. Filamu zetu nyingi humwonyesha mume akilalamika kwa rafiki na mke akilalamika kwa shoga yake, kila mmoja upande wake wa mtaa. Ni mara chache tunawaona wameketi pamoja wakiambiana wao wenyewe yale waliyoyasema nje.

7. Rafiki aliyesahauliwa

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa contra Gentiles, kitabu cha tatu, sura ya 123, anajenga hoja kwamba kati ya mume na mke kuna urafiki mkubwa kuliko wote, kwa sababu wanashirikiana maisha yote ya nyumbani, wala si mwili tu. Kabla yake Aristotle alikuwa amekwisha kusema kwamba urafiki wa mume na mke una faida na raha ndani yake, na ukipata watu wema unaweza kuwa urafiki wa wema. Baba Mtakatifu Fransisko alirudia fundisho hilo la Tomaso mwaka 2016 katika Amoris Laetitia, namba 123.

Tukiwa na fundisho hilo mkononi, tuwatazame upya wahusika wetu. Fausto hakumpa Sandra urafiki. Alimpa jina na chumba, na urafiki wote akauacha barabarani kwa wenzake. Vijana wetu wengi hufanya hivyo bila kukusudia. Mwanamke hupelekewa pesa ya matumizi na ukimya; stori, ndoto, hofu na vicheko hubaki kijiweni. Kisha mwanaume hushangaa kwamba nyumbani hakuna ladha. Ladha aliiacha mwenyewe kwenye benchi.

Kwa hiyo rafiki wa kweli wa mwanaume si yule anayejitolea kuwa kimbilio la manung'uniko yake yote. Ni yule anayejua mipaka ya nafasi yake, na anayemrudisha mwenzake kwa yule ambaye anapaswa kuwa rafiki yake wa kwanza. Neno lenyewe rafiki, tulilolipata kutoka Kiarabu, hubeba maana ya mwenza wa njia. Mwenza wa njia akiona unapotea, hakuimbii. Anakushika mkono.

Hitimisho

Tulianza kwa kuuliza rafiki afanye nini. Jibu letu lina sehemu tatu: asikilize kama Yonadabu alivyosikiliza, yaani auone mwili unaokonda; aseme kama Nathani alivyosema, kwa faragha na kwa ukweli; na asibebe sanamu ya wizi kama Moraldo kwa kuogopa kupoteza urafiki. Urafiki unaolindwa kwa ukimya wa namna hiyo umekwisha kupotea, ila wenyewe hawajaambiwa.

Jambo hili linatuhusu sisi waseminari kwa namna ya pekee. Sisi nasi tunaishi kati ya wanaume, tunacheka pamoja na kufichiana mengi. Atakayezoea kunyamaza mbele ya kosa la frateri mwenzake leo, kesho atanyamaza mbele ya mlei anayemwua mkewe taratibu kwa dharau. Na atakayejifunza leo kumwambia mwenzake ukweli kwa upendo, atakuwa na neno la kumpa kijana wa Mbagala au Tandale atakapomjia baada ya Misa na kusema, "Padri, nyumbani sina raha."

Maswali ya kutafakari, binafsi au katika Jumuiya Ndogo Ndogo, VIWAWA na UWAKA:

1. Kati ya marafiki zako, ni nani anaweza kukuambia ukweli usioupenda? Kama hayupo, kwa nini?

2. Je, kuna jambo unalijua juu ya rafiki yako ambalo ukimya wako unamwumiza mtu wa tatu? Hatua ya kwanza ya Mathayo 18:15 kwako ni ipi?

3. Kwa walio katika ndoa au uchumba: ni mazungumzo gani unayafanya kijiweni au saluni ambayo mwenzako hajawahi kuyasikia kutoka kwako?